Afya ya Nyumbani: Mama Mkwe Aogopa Kazi ya Mkazamwana Wake

Wasomaji wapenzi, juma hili nayaweka kando maneno niliyowaahidi juu ya chumvi yenye madini joto, kwa sababu nimepokea barua isiyoweza kungoja. Yatoka kwa mama mmoja ambaye ameomba jina lake lisitajwe, nami nalificha. Baada ya kutusalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, aandika hivi (nimeifupisha kidogo):

"Mwanangu wa kwanza ameoa binti mwenye elimu na adabu, sina ugomvi naye. Mwaka jana hospitali yake ilimhamishia chumba cha tiba ya nyuklia, ambako wagonjwa huchomwa sindano za dawa zenye mionzi. Tangu siku hiyo sina amani. Jirani yangu aniambia kwamba ni mionzi ile ile ya mabomu. Basi mkazamwana akirudi kazini simwachi ambebe mjukuu wangu, ambaye ana miaka miwili, mpaka aoge kwanza. Nguo zake nazitenga, na sahani yake nimeitia alama. Hanijibu neno, huingia chumbani akalia. Sasa mwanangu ameninong'oneza kwamba mkewe ana mimba ya miezi miwili, na huko kazini hajamwambia mtu, maana aogopa ataondolewa na kupoteza posho. Nifanyeje? Nimwambie aache kazi?"

Marahaba, mama yangu, na milele amina. Nimeisoma barua yako mara tatu. Naona una hofu mbili ndani yake. Moja ni ya bure, nyingine ni ya haki kabisa; na nguvu zako zote umeitumia ile ya bure. Niwie radhi nikisema wazi namna hii.

Nianze na jirani. Hakusema uongo mtupu. Moto wa jiko na moto unaounguza nyumba ya mtu ni moto ule ule, lakini hakuna mama aliyeacha kupika kwa sababu hiyo. Tofauti ni kiasi, na namna ya kuushika.

Umepata kumtazama mama achomaye mahindi kando ya barabara? Kutwa nzima joto la makaa lampiga usoni na mikononi. Jioni hurudi nyumbani, na mtoto wake humkimbilia akamkumbatia. Je, mtoto huungua? Haungui, kwa sababu joto lilibaki jikoni. Lakini kama mama yule hakunawa, masizi ya mikononi yatamchafua mtoto nguo. Yashike mambo haya mawili, joto na masizi, kwa maana elimu yote ya kujikinga na mionzi imesimama juu yake.

Mionzi inayotoka katika chupa ya dawa au katika mwili wa mgonjwa ni kama joto lile. Humpiga mfanyakazi akiwa karibu, na akiondoka imekwisha. Haikai katika mwili wake wala katika nguo zake, na yeye mwenyewe hageuki kuwa mwenye mionzi. Dawa yenyewe ndiyo masizi. Ikimwagika tone moja mkononi, au akiivuta kwa pumzi, au akiila, ameibeba, na anaweza kwenda nayo nyumbani. Kwa hiyo kuna kinga mbili: moja ya kupunguza joto, na moja ya kuzuia masizi.

Katika chumba cha eksirei mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu fundi akizima mashine mionzi imekoma saa ile ile. Dawa za nyuklia hazina swichi. Dawa itumikayo zaidi duniani kwa kupiga picha hizi ni ya teknesiamu, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa sita. Mgonjwa akichomwa saa mbili asubuhi, saa nane mchana imebaki nusu, na kesho yake saa mbili asubuhi imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Iodini, ambayo wagonjwa wa tezi ya shingo hunyweshwa, hupungua nusu kwa siku nane. Tiba hiyo ya tezi si mpya hata kidogo. Daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa wake wa kwanza iodini yenye mionzi huko Boston, Marekani, mwaka 1941. Katika nchi yetu tiba ya nyuklia hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wako watu wengi waliopona rovu na saratani ya tezi kwa njia hii. Ilipasa mkazamwana wako asifiwe kwa kazi hiyo.

Basi mfanyakazi ajikingeje na joto? Afanye upesi, asimame mbali, na aweke ukuta katikati. Maneno haya hubandikwa ukutani, lakini faida yake yaonekana katika desturi ndogo ndogo. Mfanyakazi hodari humweleza mgonjwa mambo yote kabla ya sindano: utakaa wapi, utalala namna gani, choo ni kile pale. Kwa nini kabla? Kwa sababu baada ya sindano mgonjwa ndiye jiko, na kila dakika ya maongezi kando yake ina hesabu. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kwa maji matupu, arudie na kurudia mpaka mikono izoee, ndipo apewe dawa yenyewe.

Umbali nao una hesabu ya ajabu. Ukisogea mbali mara mbili, mionzi haibaki nusu bali robo. Mara tatu, yabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana kichupa hakishikwi kwa vidole. Achukuaye kwa kibano kirefu, vidole vikawa sentimita thelathini kutoka dawa badala ya sentimita moja, ameipunguza karibu mara mia tisa. Bomba la sindano nalo huvikwa gamba la risasi au la madini mengine mazito. Wako wanaolivua, ati lawachelewesha au halioneshi vizuri, na vidole vyao ndivyo vilipavyo. Hao huniudhi.

Na aproni ya risasi? Hapa watu wengi hudanganyika. Aproni tuliyoizoea katika eksirei ina unene wa nusu milimita hivi. Kwa mionzi ya teknesiamu hupunguza sehemu kubwa, si yote. Kwa mionzi ya iodini, ambayo ina nguvu zaidi, karibu yote hupita kana kwamba umevaa shati. Mfanyakazi ajifungaye aproni akakaa kando ya mgonjwa wa iodini kwa raha hana kinga, ana uzito tu.

Sasa masizi. Nataka nikusimulie habari ya kweli, maana yatufundisha kuliko kanuni kumi. Huko New Jersey, Marekani, tangu mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu, ili saa zing'ae gizani. Brashi ilitakiwa iwe na ncha kali, nao walifundishwa kuichonga kwa midomo: ulimi, rangi, namba, ulimi, rangi, namba. Waliambiwa haina madhara. Miaka michache baadaye meno yakaanza kung'oka, mifupa ya taya ikaoza, wakawa wanakufa mmoja mmoja wangali vijana. Radiamu huingia katika mifupa mithili ya chokaa ikakaa humo, na nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 1,600. Watano kati yao walishitaki kiwanda, wengine hawawezi hata kutembea, na shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 1928. Angalia, mama: joto la saa zile halikuwaua. Waliuawa na kile walichokila.

Kwa hiyo katika chumba cha dawa hizi hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kupaka mafuta midomoni, hakuna kutia kalamu kinywani. Na leo kuna adui mwingine ambaye wazee wetu hawakumjua, nayo ni simu ya mkononi. Mtu avaa glovu, ashika dawa, simu yalia, aitoa mfukoni kwa glovu ile ile, aiweka shavuni. Glovu zimemlinda yeye kwa dakika tano, na simu imekwenda na masizi mpaka nyumbani, mkononi mwa mtoto. Kama wataka kumwuliza mkazamwana swali la mama mwenye busara, usimwulize kama ameoga. Mwulize simu yake huiacha wapi. Mwulize kama koti la kazi hubaki kazini, kama kabla ya kutoka hunawa na kupimwa mikono na viatu kwa kile chombo kinacholia, na kama iodini huishughulikia ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, maana iodini huruka hewani. Akikujibu ndiyo, sahani yake ifute alama leo.

Jambo la kipima mionzi nimeliweka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloingia katika siri yenu. Kila mfanyakazi wa mionzi hupewa kibeji cha kuvaa kifuani, na wale washikao dawa huvaa na pete kidoleni. Ndani yake mna vijiwe vidogo vinavyoweka akiba ya nguvu ya mionzi iliyowapiga, na vikipashwa moto maabara hutoa mwanga. Wingi wa mwanga waonyesha wingi wa mionzi. Tanzania vipima hivyo husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Mimi mwenyewe nilipata kufanya kazi miaka kadhaa katika chumba cha eksirei, katika hospitali ambayo sitaitaja. Vibeji tulikuwa navyo. Lakini mkuu wetu alikuwa mtu wa kuogopa makaratasi. Ukirudishiwa majibu yenye namba kubwa uliitwa ofisini, ukaulizwa kwa ukali, na mmoja wetu alihamishwa na posho ikakatwa. Tukajifunza upesi. Siku za kazi nyingi vibeji vililala katika droo. Majibu yakawa yanakuja safi, mkuu akafurahi, na sisi tukafurahi. Hata siku moja akaja mkaguzi, akatazama orodha ya namba, wote sifuri, hata aliyekuwa akiwashika watoto wasitikisike wakati wa picha. Akatuuliza kwa upole, "Mmekuwa likizo miezi yote mitatu?" Hakuna aliyejibu. Mpaka leo sijui nilipigwa na mionzi kiasi gani miaka ile, kwa kuwa shahidi wa pekee nilimfungia mwenyewe.

Mama, mimba isiyosemwa ni kibeji kilichofungiwa droo. Hii ndiyo hofu yako ya haki.

Sikiliza hesabu yake. Mionzi inayompiga mtu hupimwa kwa milisiveti. Kila mtu duniani, hata mkulima asiyejua hospitali, hupata kwa wastani milisiveti 2.4 hivi kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Ndivyo Mungu alivyouumba ulimwengu. Mfanyakazi wa mionzi ameruhusiwa milisiveti 20 kwa mwaka juu ya hizo, kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote asizidi 50. Vidole na mikono huruhusiwa 500, kwa kuwa huvumilia zaidi. Afanyaye kazi yake vizuri hubaki mbali chini ya mipaka hiyo. Lakini mtoto aliye tumboni hakuajiriwa na mtu, wala hapokei posho. Kwa hiyo kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zamtaka mwajiri amlinde kama mwananchi wa kawaida: tangu mama atoe habari mpaka ajifungue, mtoto asipate zaidi ya milisiveti moja hivi.

Umeyaona maneno "tangu mama atoe habari"? Asipotoa, mwajiri hana la kufanya, na mtoto ahesabiwa kama mfanyakazi. Na kanuni hizo hizo zasema kwamba kutoa habari ya mimba si sababu ya kumwondoa mwanamke kazini. Wajibu wa mwajiri ni kuyabadili mazingira ya kazi: aache kuandaa dawa na kuchoma sindano, akae mbali na wagonjwa wa iodini, apewe labda kazi ya kuandikisha wagonjwa au ya kusoma picha katika chumba cha pili, na kibeji kingine akivae tumboni. Posho huenda ikapungua kwa miezi hiyo, silifichi. Ni kweli kwamba ni hasara katika nyumba yenye watu wengi. Ndiyo maana nasema mzigo huo si wake peke yake, mama. Umesema mwanao ana kazi. Kaeni mhesabu pamoja fedha hizo, mzijazie, ili binti wa watu asiuze ukimya wake.

Haraka yatoka wapi? Yatoka katika iodini. Tezi ya shingo ya mtoto huanza kukusanya iodini tumboni karibu na juma la kumi mpaka la kumi na mbili. Ikiwa mama yake ameivuta hewani, iodini hupita kondoni ikaenda kukaa katika kitezi hicho kidogo, na mtoto akazaliwa na tezi iliyoharibika. Wewe wasema miezi miwili. Basi fanya hesabu mwenyewe. Hatuna muda wa kungoja mpaka tumbo lionekane. Hata baada ya kujifungua, wakati wote wa kunyonyesha, asirudishwe penye iodini iliyo wazi, kwa kuwa iodini hupita katika maziwa.

Hata hivyo usiingie na kilio, ukaanza kusema mtoto ameharibika. Wataalamu hawajaona ulemavu wa kuzaliwa uletwao na mionzi iliyo chini ya milisiveti 100 hivi, na mfanyakazi wa kawaida hafiki huko kwa miezi miwili, wala kwa mwaka. Kama amevaa kibeji chake kwa uaminifu, msimamizi wa usalama wa mionzi atakitazama, ataiandika namba, na wote mtaijua. Asije mtu yeyote, jirani au hata mhudumu wa hospitali, akamtisha mwanamke huyu kwa neno la kutoa mimba. Pamoja na kwamba ni dhambi, kwa kiasi hicho cha mionzi hata sayansi haina sababu ya kulitamka.

Nani amwambie? Si wewe uende hospitali kwa mkuu wake, nakusihi. Habari ni yake, na yafaa aipeleke mwenyewe, kwa maandishi, abaki na nakala. Lakini ataanzaje kukuamini, mtu ambaye kila jioni humpokea mlangoni kama mwenye ndui? Nafikiri ukimya wa kazini ulianzia nyumbani. Mwanamke aliyetengewa sahani kwa ajili ya mionzi hawezi kusema mbele yako neno "mimba" na neno "mionzi" kwa siku moja, ataogopa utasemaje. Kwa hiyo jambo la kwanza si kumwambia aache kazi, na wala si kumfichulia kwamba siri unayo. Muombe radhi kwa ajili ya sahani. Mwambie umeuliza, umejibiwa, na umekosea. Halafu mwulize akueleze kazi yake, naye akueleze ile pete ya kidoleni ni ya nini. Nadhani mengine atayasema mwenyewe kabla chai haijapoa. Na kama hakusema kesho wala kesho kutwa, mumewe ndiye aseme naye waziwazi, maana majuma hayatungoji.

Na yule mjukuu, jioni hii mama yake atakapoingia, mwache amkimbilie.

Barua ya mzee aliyeuliza kwa nini chumvi yenye madini joto isiachwe wazi juani nitaijibu juma lijalo, Mungu akipenda. Wengine mlioandika juu ya degedege, mnivumilie, barua zenu nimezipata.